Daftari Limechelewa: Ukatae, Ukate Alama, au Umpe Muda?

Jumatatu saa 1:20 asubuhi, kabla kengele haijagongwa, pita nyuma ya madarasa ya shule yoyote ya kutwa. Utawakuta watoto wamechuchumaa, wamelizunguka daftari moja, kila mmoja kalamu mkononi, na mwenzao amesimama kwenye kona akiangalia kama mwalimu wa zamu anakuja. Wenyewe wanaita kudesa. Mwaka fulani nilisahihisha madaftari ya kikundi cha namna hiyo, zoezi la ngeli. Yote sita yaliiweka "ukuta" katika ngeli ya U-I. Zaidi ya hapo, yote sita yalikuwa na neno "ukata" lililopigwa mstari mmoja, kisha "ukuta" likaandikwa juu yake. Walikuwa wamenakili mpaka kosa alilolifuta mwenzao.

Madaftari yale sita yaliwahi. Siku hiyohiyo kulikuwa na binti mmoja ambaye hakukusanya. Alileta daftari lake Jumatano. Nusu ya kwanza ilikuwa kwa wino wa bluu, nusu ya pili kwa penseli, na kona ya ukurasa ilikuwa na doa la masizi ya kibatari. "Ukuta, kuta" aliiweka U-ZI, na kila jibu lilikuwa lake. Kwa kanuni niliyokuwa naitumia wakati ule, wale sita walibaki na alama zao zote, na huyu nilimkata 10.

Ninafundisha Kiswahili katika sekondari ya kutwa wilayani Muheza, Tanga. Tangu siku ile nimejaribu karibu kila njia ambayo walimu wenzangu wanaitumia kwa kazi zilizochelewa. Naziweka hapa kwa kuzilinganisha, kila moja na faida yake na gharama yake, ili mwalimu anayepanga utaratibu wa mhula ujao achague akijua anachokinunua.

Kwanza, uzito wa mzigo

Mwalimu mwenye mikondo minne ya wanafunzi 58 ana madaftari 232. Ukitumia dakika mbili tu kwa kila daftari, ni dakika 464, karibu saa nane za kusahihisha zoezi moja. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 madarasa ya kutwa yamejaa, na hesabu hii si ngeni kwa mtu yeyote aliyekaa ofisi ya walimu. Kwa hiyo mwalimu anayesema "sipokei kazi iliyochelewa" mara nyingi si mkatili. Amechoka. Kusahihisha daftari moja lililokuja peke yake Alhamisi kunachukua muda mrefu kuliko kusahihisha lile la ishirini kwenye fungu la Jumatatu, kwa sababu inabidi urudi kwenye mwongozo wako, ukumbuke swali la tatu ulilitoleaje alama, ndipo uanze. Njia yoyote isiyouona uchovu huu haitadumu hata wiki tatu.

Kukataa kabisa na kukata alama

Njia hizi mbili hutajwa pamoja, na wengi huona ya pili ni toleo la huruma la ile ya kwanza. Tuzipime kwa hesabu. Chukua wanafunzi wawili wa Kidato cha Tatu. Wa kwanza ana mazoezi manne yenye alama 70, 68, 72 na 74. Wa pili ana 34, 30, 36 na 32. Kila mmoja amechelewesha zoezi la tano kwa siku tatu. Kazi ya wa kwanza inastahili 71, ya wa pili inastahili 33. Madaraja ni yale ya sekondari Tanzania: A kuanzia 75, B kuanzia 65, C kuanzia 45, D kuanzia 30, chini ya hapo F.

| Utaratibu | Wastani wa wa kwanza | Wastani wa wa pili |
|---|---|---|
| Kupokea bila kukata | 71 (B) | 33 (D) |
| Kukata 5 kila siku | 68 (B) | 30 (D) |
| Kukata 10 kila siku | 65 (B) | 27 (F) |
| Kukataa, sifuri | 56.8 (C) | 26.4 (F) |

Tazama mstari wa tatu. Kanuni ni moja na siku za kuchelewa ni zilezile. Mwanafunzi mwenye uwezo amebaki na B yake, hata mzazi hatagundua kitu kwenye ripoti. Yule anayejikongoja ametoka kufaulu akaingia kufeli. Nilipoifanya hesabu hii kwa mara ya kwanza kwa alama za darasa langu mwenyewe, nilikaa kimya ofisini muda mrefu. Nilikuwa nikiamini kwamba kanuni iliyo sawa kwa wote ni haki kwa wote.

Kukataa kabisa kuna faida moja ya kweli: ni rahisi kueleweka na hakuna wa kubishana nawe. Kunafaa pale ambapo tarehe si yako. Wenzetu wa Kenya, kwa mfano, wanaojaza alama za tathmini za shuleni kwenye mfumo wa mtandaoni wa KNEC, baraza lao la mitihani, wakifungiwa dirisha hawana la kufanya, na ni vyema mwanafunzi alijue hilo mapema. Lakini kwa zoezi la kawaida la wiki, sifuri ina kasoro inayozidi faida zake: mwanafunzi akishajua imeandikwa, kalamu anaiweka chini. Zoezi la ngeli halitafanywa tena, si Jumatano wala mwezi ujao, na wewe ulilitoa kwa sababu ulitaka alifanye.

Kukata alama kidogokidogo kunamwachia sababu ya kuleta kazi. Ukiamua kuifuata njia hii, basi kata 5 kwa siku, usizidi siku tatu, na usimshushe mtu chini ya alama ya kufaulu kama kazi yenyewe ilistahili kufaulu. Vyuoni naona inafaa zaidi, maana pale mwanafunzi ni mtu mzima aliyepewa ratiba ya kazi zote tangu wiki ya kwanza ya muhula.

Shida inayobaki ni maana ya alama. Mzazi akisoma 41 kwenye ripoti, atajuaje kama mwanawe hajui ngeli au anajua ila alichelewa siku tatu? Na ripoti zetu tayari zina sehemu ya tabia na mwenendo: kufanya kazi kwa bidii, utii, uaminifu, usafi. Kuchelewa kuna nafasi yake pale. Siku hizi kwenye daftari langu la alama kuna safu mbili. Ya kwanza ni alama ya kazi kama ilivyostahili. Ya pili naandika siku za kuchelewa, "S3", "S1". Mwisho wa mhula safu ya pili ndiyo inayonisaidia kujaza sehemu ya mwenendo, na mzazi akija kuuliza namwonyesha zote mbili. Mazungumzo yanakuwa mafupi na ya maana.

Fimbo na ufagio

Siwezi kuandika ulinganisho huu nikaruka jambo linalotumika kuliko yote yaliyomo humu. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaweka kikomo cha viboko vinne, zinataka vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, viandikwe kwenye kitabu, na viwe kwa makosa mazito ya nidhamu. Zoezi la ngeli lililochelewa si kosa zito. Mwalimu anayechapa mlangoni saa 2 asubuhi yuko nje ya kanuni hizo. Kenya waliondoa viboko shuleni tangu 2001.

Ila tuache sheria kidogo, tuangalie kama inafanya kazi. Inafanya: madaftari yanakuja kwa wakati. Yanakuja kama yale sita ya "ukata". Mtoto anayeogopa fimbo hafikirii ngeli, anafikiria ni nani aliyemaliza ili anakili. Na asiyepata wa kumdesa, siku hiyo haji shule kabisa. Kufagia uwanja au kumwagilia bustani wakati wenzake wako darasani ni hivyohivyo kwa njia nyingine: amechelewa kazi moja, sasa amekosa na kipindi.

Nyongeza ya muda: kwa kuomba au kwa kadi?

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, kwa hiyo mniwie radhi nikikaa kidogo.

Nilianza na maombi. Mwanafunzi anayeona hatamaliza aje aniambie kabla ya siku ya kukusanya, aeleze sababu, nimpe tarehe mpya. Ilionekana nzuri, na inafundisha jambo ambalo mtu atalihitaji maisha yake yote, kuaga kabla ya kukosekana. Baada ya mhula mmoja nikapitia majina kwenye daftari la maombi. Walioomba walikuwa walewale: wenye ulimi mwepesi, wanaokaa dawati la mbele, viranja. Yule binti wa kibatari hakuwemo hata mara moja.

Nilimwita siku moja baada ya kipindi. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba, mwanangu. Mbona huombi muda kama wenzako?" Akainamisha kichwa. Ilichukua muda hadi kusema kwamba msimu wa machungwa huwa anakaa barabarani na bibi yake hadi giza, wanauza kwa magari yanayokwenda Tanga, na akirudi kuna maji ya kuchota. Hakutaka wenzake wasikie. Wengine wana mama mgonjwa nyumbani. Wengine ni wasichana walio katika siku zao, na mwalimu wao ni mwanamume. Ukimtaka mtoto alipie muda kwa kukueleza siri ya nyumbani kwao, wengi watachagua kuchelewa na kuadhibiwa.

Ndipo nikaja kwenye kadi. Nakata karatasi za manila, kila mwanafunzi anapata kadi mbili kwa mhula, zina jina lake na mhuri. Kadi moja ni siku mbili za nyongeza. Anaiweka ndani ya daftari anapoleta kazi, siulizi chochote. Zikiisha zimeisha, hapo ndipo tunaongea.

Kwa darasa kubwa kadi zinashinda maombi kwa mbali. Hazichukui muda wa mwalimu, hazimpendelei mwenye maneno, na mwanafunzi anajifunza kupanga: nimebakiza moja, niitumie sasa au niitunzie wiki ya mashindano ya michezo? Weka jina lakini. Mhula wa kwanza sikuweka, na kadi moja ilibadilishwa kwa maandazi mawili. Maombi ya mdomo nimeyabakiza kwa mambo makubwa tu, msiba, ugonjwa, safari ya dharura.

Kumalizia shuleni

Njia hii mwalimu mwenzangu wa Hisabati aliianza kabla yangu. Ambaye hakuleta kazi, anaifanyia shuleni, Jumanne na Alhamisi baada ya kipindi cha mwisho, dakika 40, kwenye chumba kimoja au chini ya mwembe, mwalimu akiwepo. Ukichelewesha, adhabu yako ni kuifanya kazi uliyochelewesha.

Ukiilinganisha na zote zilizotangulia, hii ndiyo pekee inayowatenganisha wachelewaji bila mwalimu kuhoji mtu. Asiye na taa nyumbani anafurahi, amepata mwanga wa jua na meza. Aliyezembea anaumia, maana wenzake anawasikia wanacheza mpira. Na yule ambaye hakuelewa somo, ambaye sisi walimu tumezoea kumwita mvivu, anajulikana ndani ya dakika kumi: amekaa, kalamu haisogei. Huyo hakuhitaji adhabu wala nyongeza ya siku, alihitaji kufundishwa upya, na sasa uko mbele yake.

Gharama yake ni muda wa mwalimu, na hilo halifichiki. Sisi tumegawana zamu, watu wanne, kila mmoja mara moja kwa wiki mbili, na siku hiyo nasahihisha madaftari mengine nikiwa palepale. Gharama ya pili ni umbali. Shule za kata zina watoto wanaotembea saa nzima na zaidi kurudi nyumbani, na wanaotegemea daladala wanajua makonda wanavyowapita wanafunzi kituoni. Usimbakize binti hadi giza limkute njiani kwa sababu ya zoezi. Kwa wanaotoka mbali tumia mapumziko ya asubuhi, au waje mapema.

Shule za bweni hazina tatizo hilo, muda wa kujisomea usiku upo tayari kwenye ratiba. Kama unafundisha bweni, sioni sababu ya kukata alama hata moja.

Saa ambayo kazi inachelewa kweli

Jambo hili lilinichukua miaka kuliona. Tarehe ya kukusanya tunaiweka sisi tu. Kinachobadilisha thamani ya kazi ni masahihisho ubaoni. Zoezi la Hisabati likishafanyiwa masahihisho, majibu yako kwenye madaftari 57, na daftari la 58 likija kesho yake halikuonyeshi chochote kuhusu mwenye nalo. Kabla ya saa hiyo, kuchelewa siku moja au mbili hakujaharibu kitu.

Kwa hiyo aina ya kazi iamue ukali wako. Zoezi lenye jibu moja, kama ngeli, hesabu au nukta za Jiografia, lina ukomo mgumu: asubuhi ya masahihisho. Aliyepitwa na saa hiyo apewe maswali mengine yanayofanana, manne yanatosha, ayafanyie shuleni. Insha ni kitu kingine. Hakuna masahihisho ya ubaoni yatakayomwandikia mtu insha yake kuhusu kijiji chake. Hiyo naipokea hata baada ya wiki, naandika S7 pembeni, nasoma. Kazi za vikundi na za mradi ziko katikati: wagawie hatua, utangulizi wiki ya kwanza, takwimu walizokusanya wiki ya tatu, ili mchelewaji aonekane mapema kabla hajawachelewesha wenzake.

Na kabla ya kuwakamata wanafunzi, angalia ratiba yenu. Kuna Ijumaa moja nilihesabu kazi za nyumbani walizopewa Kidato cha Pili: walimu sita, mazoezi sita, wote tunataka Jumatatu. Tulipomwomba mwalimu wa taaluma apange, masomo mawili kwa siku basi, wachelewaji wangu walipungua kabla sijabadilisha kanuni yoyote. Nami nimepunguza maswali kutoka kumi hadi manne. Manne niliyoyachagua vizuri yananionyesha kilekile.

Nani achukue ipi

Mwalimu mgeni mwenye mikondo mingi: anza na kadi mbili na safu mbili za alama, basi. Usianzishe kumalizia shuleni peke yako, utachoka mwezi wa kwanza ukaiacha, na wanafunzi watakumbuka kwamba uliiacha. Ukipata wenzako watatu, ongeza hiyo.

Mwalimu wa Hisabati na sayansi: ukomo wa masahihisho na maswali mbadala. Mwalimu wa lugha: kadi, na ukarimu kwenye insha.

Mwalimu wa msingi, hasa madarasa ya chini: mtoto wa Darasa la Tatu akichelewa, mara nyingi aliyechelewa ni mtu mzima wa nyumbani. Mtafute mlezi, ana kwa ana kama inawezekana, kwa upole. Ujumbe wa lawama kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, jina la mtoto likisomwa na watu arobaini, haujawahi kuleta daftari.

Anayetaka kuendelea kukata alama nisingemlaumu, shule nyingine zimeipanga hivyo na mwalimu mmoja hawezi kuibadilisha. Ila afanye ile hesabu ya jedwali kwa wanafunzi wake watatu wa mwisho kabla hajaamua akate ngapi.

Tangazo lililobandikwa ukutani darasani kwangu mhula huu, nyuma ya mlango, linasomeka hivi. Mnaweza kulinakili, hili ruhusa:

*Kazi inakusanywa na monita Jumatatu kabla ya kengele ya pili. Masahihisho ni Jumatano, kipindi cha tatu.*
*Una kadi mbili. Kila kadi ni siku mbili. Hutaulizwa sababu.*
*Usiye na kadi, Jumanne au Alhamisi chini ya mwembe. Unayekaa mbali, mapumziko ya asubuhi.*
*Baada ya masahihisho utapewa maswali mapya manne.*
*Insha inapokelewa wakati wowote kabla ya wiki ya mitihani.*
*Kama hukuelewa, andika "sijaelewa" juu ya ukurasa na ulete daftari kwa wakati. Hiyo inahesabiwa kuwa umewahi.*